Kichuguu cha Darasa la Sita

Wadogo zangu,

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Mkono wangu wa kulia unatetemeka kidogo siku hizi, na hata kabla haujaanza kutetemeka, mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa akisema naandika kama kuku aliyepita kwenye jivu. Mnisamehe na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, hapo hapo shuleni kwenu, na Kiswahili nilikikuta shuleni kwa sababu nyumbani tulisema Kiha. Barua hii niliianza Jumanne jioni na leo ni Jumapili, nimetoka ibadani. Naandika polepole. Lakini kuandika nitaweza. Kusema ndiko kulikonishinda, mara mbili sasa.

Jina langu ni Filbert. Mimi ndiye yule kaka mrefu aliyesimama mbele yenu mstarini Jumatatu iliyopita, akasema maneno machache akiangalia viatu vyake, akaondoka. Mlicheka, na mimi ningecheka.

Nilichokuja kusema ni hiki, na nakiandika hapa mwanzoni ili hata mwalimu akichoka kusoma kiwe kimeshasikika. Kichuguu kilicho nyuma ya darasa la sita kimemwagiwa sumu wiki mbili zilizopita. Msikiguse. Msikipigie ngoma. Iswa wakitoka, yaani kumbikumbi, msile hata mmoja, awe mbichi au wa kukaanga.

Sasa nieleze.

Nilikuwa mpiga dawa. Miaka kumi na moja nilibeba bomba mgongoni, lile la lita kumi na sita, kwenye mashamba ya maharage na mahindi kuanzia huku Mabamba mpaka Kibondo na Kasulu. Sasa nimestaafu. Najua kusikia mstaafu wa miaka ishirini na tisa kunachekesha. Mstaafu mwingine anaondoka na mabati na cherehani, mimi niliondoka na kikohozi na huu mkono.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Baba Minani. Alikuja nchini akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Burundi, akakulia hapa, akapata uraia hapa. Alikuwa mtu wa kanisa sana. Kabla ya kufungua chupa ya dawa alivua kofia akasali, halafu akachukua jivu kidogo mfukoni akalirusha juu aone upepo unaelekea wapi. Siku ya kwanza nilimuuliza:

"Mzee, si umeshasali? Jivu la nini tena?"

Akaniambia, "Mungu ananilinda, mwanangu. Lakini upepo haujabatizwa."

Alivaa koti la mvua jua likiwaka, na buti, na kitambaa puani. Wanawake waliokuwa wakipalilia mashamba ya jirani walimwita bwana harusi. "Bwana harusi kaja! Bibi yuko wapi?" Naye alijibu, "Bibi yuko kwenye bomba, msogee, ana wivu!" Wakacheka, lakini walisogea. Mzee alikuwa anajua kuwasogeza watu. Mimi sikuwahi kujua.

Nyinyi mnaotaka kubeba bomba, maana najua mpo, nilishaona vijana wa darasa la saba wakimbebea mtu bomba tupu kwa fahari, nawaandikia aliyonifundisha. Mdomo wa bomba ukiziba usiupulize kwa mdomo wako. Tumia unyasi. Mimi niliupuliza miaka yote kwa sababu unyasi unachelewesha. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, na maji ya kusuuza yarudi ndani ya bomba, siyo mtoni. Kisha itoboe kwa msumari, la sivyo kesho utaikuta dukani ina mafuta ya taa, keshokutwa ina mafuta ya kula, na mtondo mtoto ameijaza maji anakwenda nayo shule. Nguo za kazi zisilale na nguo za mtoto kwenye beseni moja. Maua ya maharage yakiwa na nyuki, rudi nyumbani, uje jua likishapungua.

Na karatasi ya kwenye chupa. Hapo Baba Minani alikuwa mkali kuliko mchungaji. "Chupa isiyo na karatasi usiinunue hata kama wanakupa bure," alisema. "Karatasi ndiyo itakayokusemea siku ambayo mdomo wako umejaa povu." Alikuwa hajui kusoma vizuri. Alizikata karatasi zile akazihifadhi ndani ya Biblia, moja kwa kila dawa aliyowahi kutumia, na mimi ndiye niliyemsomea. Kwa hiyo nilizijua. Msidhani sikuzijua.

Jambo jingine alilonifundisha ni kitambaa chekundu. Tukimaliza shamba alichoma mti ardhini, akafunga kitambaa chekundu juu yake. Maana yake: hapa pamepigwa dawa, usichume mboga, usipitishe mbuzi. Watu wa mashambani walikizoea kitambaa kile. Nami nikakizoea, nikadhani dunia nzima inakijua.

Miaka minne iliyopita nilikuwa najitegemea. Baba Minani alikuwa ameshaacha kazi. Alikuwa akikukaribisha chai, nusu inabaki kwenye sahani kwa kutetemeka, naye anasema, "Kunywa, hiyo ya kwenye sahani ni ya malaika." Mwalimu mkuu wa wakati ule akaniita. Mchwa walikuwa wamekula fremu za milango ya darasa la sita, wakapanda ukutani, wakaingia kabatini wakala madaftari ya mitihani. Aliyekaa karibu na ukuta akiinuka, udongo unamdondokea kichwani. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, alitaka watoto wasome bila kuangukiwa na fremu.

"Filbert," aliniambia, "wewe ni mtoto wa shule hii. Tusaidie."

Nilifurahi. Nataka mwelewe hilo. Katika shule ile nilikuwa mtu wa kukaa kona. Mwalimu akiuliza swali nilikuwa naangalia dawati. Sasa naitwa kwa jina, napewa kiti ofisini, naulizwa maoni yangu. Nilitoka pale nikiwa mrefu zaidi.

Dawa ya mchwa sikuwa nayo. Nikaenda kwenye gulio moja ambalo sitalitaja, kwa muuzaji mmoja ambaye hata jina lake sikulijua, akanipimia kutoka dumu kubwa akanijazia kwenye chupa ya soda. Haikuwa na karatasi. Nilimuuliza inaitwaje, akasema, "Ya mchwa." Nikaona inatosha, maana kazi yenyewe ilikuwa ya mchwa. Ilikuwa inanuka kama kitunguu saumu kilichooza, na ukiitia maji inakuwa nyeupe kama maziwa.

Ijumaa wanafunzi walipotoka nilipiga fremu, nikapiga kuta kwa nje, halafu nikaenda kwenye kichuguu chenyewe. Nilitoboa matundu juu kwa mtaimbo nikamimina ndoo mbili. Dawa ya ndoo ya tatu haikutosha. Nikaongeza maji kwenye iliyobaki ili ifike kote, yaani niliipunguza nguvu. Kumbe kwa kufanya hivyo sikuwaua wale mchwa wa ndani. Niliwalowesha tu. Nikamaliza, nikafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti, nikakichoma juu ya kichuguu.

Hapa ndipo ninapokaa kila siku katika mawazo. Nikienda kisimani niko hapa, nikiwa kanisani niko hapa.

Mnajua desturi ya kichuguu kile, mimi ninawaeleza wageni watakaosoma. Kichuguu cha shule ni mali ya darasa kubwa. Darasa la saba wakishafanya mtihani wao mwezi wa tisa wakaondoka, kinarithiwa na darasa la sita. Mvua za kwanza zikikaribia wanakifunika kwa majani ya migomba, wanachimba kishimo cha kupokelea, halafu wanakipigia. Wanainyunyizia maji ardhi huku wakipiga vijiti juu ya kipande cha mti, polepole kwanza, kisha haraka, tititi tititi, mpaka iswa walio ndani wanadhani mvua imeanza, wanatoka. Mpigaji mzuri huwatoa hata kama mbingu ni nyeupe. Na anayepiga ndiye anayepewa konzi ya kwanza, anaila pale pale, mbichi, mabawa yakiwa bado yanapiga mdomoni. Hiyo ni heshima yake.

Na kama kichuguu kina mwenyewe, mwenyewe anaweka alama juu yake. Anachoma kijiti, anafunga unyasi au kitambaa. Maana yake: kimeshachukuliwa, usiguse, iswa wa hapa ni wangu.

Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la sita nilichoma kijiti kile. Nilifunga utepe wa gunia. Miaka kumi na tatu baadaye nikachoma kijiti juu ya kichuguu kile kile, nikafunga kitambaa, na haikunijia hata kidogo kwamba watoto watakisoma kama alama ya mtu aliyekichukua kichuguu.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita mstarini. Alisema, "Watoto, kaka yenu ana neno." Akasogea pembeni.

Wanafunzi mia kadhaa. Macho yote yale. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikayasema kwa sauti baiskelini mpaka mama mmoja akaniuliza nazungumza na nani. Niliposimama pale yote yakaondoka. Nilisema, "Kile kichuguu... msikisogelee. Kina dawa." Nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyelala. Walio mbele, watoto wa darasa la kwanza, walinikodolea macho. Mwalimu mkuu akauliza, "Mmesikia?" Shule nzima ikajibu, "Ndiyo mwalimuuu!" kama mnavyojibu nyinyi, hata mkiulizwa kama mmekula mawe.

Nikapanda baiskeli nikaenda zangu Kasulu, nilikuwa na kazi ya maharage ya wiki nzima.

Jumatano mchana simu ikaita nikiwa shambani na bomba limejaa. Alikuwa mwalimu wa zamu.

"Filbert, ulimwaga nini kwenye kichuguu?"

"Dawa ya mchwa, mwalimu."

"Nakuuliza inaitwaje. Watoto watano wako hospitali Kibondo. Wanatoa mate kama maji. Daktari anataka jina."

Sikuwa na jina.

Nilimkuta kijana wa bodaboda barabarani, nikamwambia anipeleke kwanza kwa yule muuzaji. Leo ninapofikiri najua ningeenda hospitali moja kwa moja, niseme inanuka hivi na inabadilika rangi hivi. Lakini daktari alikuwa ametaka jina na mimi nilitaka kupeleka jina. Nilimkuta muuzaji anakula mihogo.

"Ile dawa uliyonipa. Inaitwaje?"

"Ipi?"

"Ya mchwa."

"Si ndiyo hiyo, ya mchwa."

"Ina jina! Kila dawa ina jina!"

"Bwana mdogo, imefanya kazi haikufanya?"

Nikamwambia watoto wameila. Akaacha kutafuna. Akaenda nyuma akaleta dumu. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, imebaki kona moja tu, na kwenye kona ile kulikuwa na picha ya fuvu na herufi tatu za mwisho za neno. Nikamwomba dumu lenyewe nilipeleke. Akalikumbatia. Alisema, "Ukitoka na hili, mimi nimekwisha." Nikamwacha. Sikupigana naye. Baba Minani angelichukua dumu lile hata kwa meno.

Nilifika Kibondo jua linashuka, nimeshika chupa tupu ya soda. Daktari alikuwa kijana kama mimi, shati limelowa. Aliifungua, akanusa, akaniuliza, "Ina jina?" Nikasema hapana. Hakunigombeza. Alisema, "Nimekisia kwa macho yao. Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nimewapa kinachotibu hilo. Jina lingenisaidia kujua itakaa mwilini kwa muda gani." Akairudisha chupa mkononi mwangu kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu kitu chake.

Wanne waliamka. Wa tano alikuwa Bukuru.

Huyu Bukuru ni wa mama Leokadia, jirani yetu, yule anayeuza maandazi njia ya kwenda kisimani. Alizaa pacha, wa kwanza Bukuru, msichana, wa pili Butoyi, mvulana. Bukuru alikuwa mrefu kuliko wote darasani, anacheka kwa sauti mpaka mbuzi wanainua vichwa. Alinitania tangu akiwa mdogo. "Kaka Filbert, leo umesema maneno mangapi? Matatu? Umechoka, pumzika!" Mtu pekee aliyenitania nikapenda.

Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa darasa la sita. Konzi ya kwanza ilikuwa yake. Na ya pili, kwa sababu walitoka wengi. Wenzake wanne walionja onja tu.

Alifariki Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa ameanza vizuri, ameongea, ameomba uji, halafu akarudi chini. Nilikuwa nje kwenye benchi. Nilimsikia mama Leokadia, na sitaandika nilichosikia.

Baada ya mazishi nilikaa siku tisa sitoki ndani. Siku ya kumi Butoyi alikuja. Nilidhani amekuja kunitukana, nikaona afadhali. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Mimi sikula," alisema. "Nilikuwa nimeweka wa kwangu kwenye kofia, nimpelekee mama."

Akafuta alichochora, akaanza upya.

"Kaka, siku ile mstarini ulisema nini?"

"Nilisema msikisogelee. Nilisema kina dawa."

"Sisi darasa la sita tunasimama nyuma," akasema. "Wafupi mbele, warefu nyuma. Na Bukuru alikuwa nyuma yangu, wa mwisho kabisa. Sisi wa nyuma hatukusikia kitu. Bukuru aliniuliza, 'Kasema nini?' Nikamwambia, 'Sijui, labda anaaga.'"

"Na kitambaa?" nilimuuliza. "Hamkuona kitambaa chekundu?"

"Tulikiona."

"Sasa?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Tulijua ni cha kwako. Tulijua umekichukua kichuguu chetu. Bukuru akasema, huyu Filbert alikuwa darasa la saba zamani, hana haki, kichuguu ni cha darasa la sita. Akasema tukikungoja mpaka mvua utakuja na ndoo zako uwachukue wote. Ndiyo tukapiga Jumatano asubuhi."

Mvua ilikuwa bado. Nilikuwa nimehesabu kwamba mpaka mvua ije mchwa watakuwa wamekufa. Sikuhesabu kwamba watoto watatengeneza mvua yao. Na waliitengeneza mapema kwa sababu ya onyo langu mwenyewe.

Nilimpelekea Baba Minani habari. Alikuwa ameshaisikia. Alininywesha chai, ikamwagika kama kawaida, lakini hakusema habari za malaika. Alisema, "Mimi nilikufundisha kitambaa kwa ajili ya watu wazima wenye mashamba. Sikuwahi kupiga dawa shuleni. Waliniita mara tatu nikakataa. Sikukwambia kwa nini nilikataa, nilidhani unajua." Alifariki mwaka ule ule, kabla ya Krismasi. Biblia yake mjane alinipa mimi, pamoja na karatasi zote ndani.

Bomba niliendelea kulibeba msimu mmoja baada ya hapo. Sijui kwa nini. Labda sikujua kazi nyingine. Kisha mkono ukaanza, nikalitoboa bomba kwa msumari kama tulivyotoboa chupa, nikalitupa chooni.

Nilidhani shule imejifunza. Mwalimu mkuu yule alihamishwa. Walimu wa wakati ule wengi wamehama. Nyinyi mlio darasa la sita leo mlikuwa darasa la pili, labda mnakumbuka msiba, labda mnakumbuka tu kwamba mlipewa siku ya mapumziko. Fremu zilibadilishwa, za mbao tena. Mchwa wakarudi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita na mzigo wa kuni nikasikia ile harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Nikautua mzigo. Niliona kijana anamimina ndoo juu ya kichuguu, masikioni ana visikilizio vya simu, miguuni ana kandambili.

Nikamwita mara tatu mpaka akavua kimoja.

"Bro, vipi?"

"Hiyo dawa inaitwaje?"

"Ya mchwa, bro."

"Una karatasi yake?"

"Karatasi ya nini? Wewe si ndiye Filbert? Si umestaafu? Pumzika basi mzee wangu!" Akacheka, siyo kwa ubaya. Halafu akatoa kitambaa mfukoni akakifunga kwenye kijiti. Cha rangi ya chungwa. Nilimuuliza nani kamfundisha hilo. Akasema, "Si ndivyo mnavyofanyaga nyie wakubwa?"

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu mpya. Alinisikiliza vizuri sana, mpaka akaacha kuandika. Hakuwa amejua lolote kuhusu Bukuru. Aliahidi kwamba hatamwita tena mtu wa kumwaga sumu shuleni, atatafuta fremu za chuma. Lakini iliyokwisha kumwagwa ataitoa vipi? Alisema, "Kizungushie miba, na Jumatatu uje useme mwenyewe mstarini. Wewe ulishuhudia. Mimi nikisema wataona ni amri ya mwalimu kama nyingine." Miba niliweka. Jumatatu nikaja. Mlikuwepo. Maneno yalikuwa tayari, safari hii nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Nilipokiangalia kiganja, jasho lilikuwa limeyafuta.

Mama Leokadia alikuwa akipita barabarani na beseni lake la maandazi. Alisimama kunisikiliza. Aliniona nikishindwa. Aliendelea na safari yake.

Ndiyo maana nimeandika, na nimemwomba mwalimu wa zamu ailete barua hii mstarini, lakini asiisomee mbele. Aende akasimame nyuma, aanze na warefu. Halafu aibandike kwenye mlango wa darasa la sita, ule ulioliwa.

Sina imani kubwa. Nawajua nyinyi, maana nilikuwa nyinyi. Jana nimeona miba imesogezwa upande mmoja, na kuna majani ya migomba yamekatwa yamelazwa karibu na ukuta. Kuna mtu ameshaanza kujiandaa. Hata kile kitambaa cha rangi ya chungwa hakipo, kimeng'olewa, na juu kuna kijiti kipya kimefungwa utepe wa gunia. Mmeshakichukua kichuguu chenu.

Mmekichukua, ni chenu. Mimi sikidai. Sikukidai hata siku ile. Nasema tu mkiache mwaka huu, na mwaka kesho, na miaka mingine ambayo mimi siijui idadi yake kwa sababu chupa haikuwa na karatasi. Iswa wapo kwenye vichuguu vya mashambani. Nitawaonyesha kimoja safi kwenye kiwanja chetu, mje mpige mpaka mchoke, konzi ya kwanza ni ya mpigaji wenu.

Naomba mniandikie. Sitaki barua ya shule nzima kwamba "ndiyo mwalimu", hiyo nilishaisikia. Nataka barua kutoka kwa yule anayesimama wa mwisho kabisa katika mstari wa darasa la sita. Sijui jina lako. Andika hata kwa mwandiko mbaya kama huu, hata kwa Kiha. Niambie kama umesikia, na nani ndiye mpiga ngoma wenu mwaka huu. Barua mpe mama Leokadia unaponunua andazi. Amekubali kuzileta, ingawa hasemi nami. Anaziweka juu ya jiwe mlangoni kwangu.

Kila jioni naenda kuliangalia lile jiwe. Leo asubuhi nikienda kanisani nilisikia upande wa shuleni mtu akijaribu vijiti, polepole. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata moja.

Kaka yenu,
Filbert